Nyumba Goba, Kazi Posta

Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Miaka kumi nyuma walikuwa 4,364,541. Ongezeko hilo ni la karibu robo, lakini mtazame jirani: Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika kipindi hicho hicho. Viwanda vya Kibaha na Mkuranga vina sehemu yao humo. Sehemu nyingine anaiona yeyote anayesimama Mbezi Mwisho saa 11 alfajiri. Jiji limevuka mpaka wake, na wengi waliojenga Kiluvya, Kerege, Mapinga na Vikindu bado riziki yao iko Posta na Kariakoo.

Husemwa kwamba wanaohamia pembezoni wanafuata hewa safi na utulivu. Hewa ipo kweli, na utulivu upo, angalau mpaka jirani afungue baa. Ila kinachowatoa watu mjini hasa ni mwenye nyumba. Anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, anaipandisha bila kugusa hata bomba linalovuja, na luku mnachangia wapangaji watano mnaogombana kila wiki nani ana friji. Benki nayo haimsaidii mpangaji huyu. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, lakini mikopo hiyo humfaa zaidi mwenye ajira ya kudumu na hati mkononi, na fundi cherehani wa Manzese hana vyote viwili.

Kwa hiyo anatafuta kiwanja cha 20 kwa 20 huko Madale au Chanika. Tofali ananunua kadiri fedha inavyopatikana, mwaka huu anafika kwenye lenta, mwaka ujao Mungu akijalia anapaua. Wapo wanaoyacheka mapagale yaliyotapakaa pembezoni mwa Dar. Mimi siyacheki. Pagale ni akiba ambayo hakuna ndugu atakayekuja kuikopa, na kwa kipato cha mafungu mafungu sijaona njia nyingine ya maana ya kumiliki nyumba. Siku akihamia, hata kama madirisha yamezibwa kwa maturubai, kodi imekoma. Atafuga kuku, atajenga fremu mbili mbele apangishe duka na saluni, na akifa watoto hawatatupiwa vyombo nje.

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa pembezoni, na ukiichunguza utaona kwamba inasifu umiliki. Kuhusu umbali haisemi kitu. Umbali una hesabu yake.

Tuseme mtu anatumia saa mbili kwenda kazini na saa mbili kurudi, jambo la kawaida kwa anayetoka Goba au Bunju kwenda katikati ya jiji. Kwa siku 22 za kazi hizo ni saa 88 kwa mwezi, zaidi ya wiki mbili za kazi za saa 40, zinazoishia kwenye foleni. Jioni hali ni mbaya zaidi, maana anayetaka kiti lazima ageuze na gari: alipe nauli mara mbili, aende upande asikotaka, ili arudi amekaa. Tuongeze bodaboda ya kutoka barabara kuu hadi nyumbani. Ikiwa safari nzima ya siku inamgharimu sh 5,000, basi mwezi umekula sh 110,000. Fedha hiyo haiandikwi kwenye mkataba wowote, ndiyo maana hatuiiti kodi.

Na hailipwi na baba peke yake. Mwenye gari hupima umbali kwa lita za mafuta. Mwanafunzi huupima kwa idadi ya daladala zilizompita, kwa kuwa konda anaona nauli yake ndogo inamjazia nafasi bure. Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa manane, mvua za masika zimeshaikata njia, hategemei tena ramani ya jiji bali huruma ya kijana mwenye bodaboda. Aliyechagua kiwanja mara nyingi ndiye anayekaa huko saa chache kuliko wote.

Mtetezi wa pembezoni atajibu kwamba huduma hufuata watu: hata Sinza ilikuwa mashamba. Jibu hili nalisikia kila mara, na Sinza ndiyo inayolivunja. Sinza, kama Kijitonyama, ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa serikali na Benki ya Dunia. Barabara, viwanja na mabomba vilipangwa kwanza, watu wakajenga ndani ya mpango. Serikali ilijaribu tena mwaka 2002 kwa mradi wa viwanja 20,000 uliozaa Kibada, Tuangoma, Mivumoni na maeneo mengine. Huko walau nyumba ina njia ya gari, ingawa viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa kwa sababu walionunua hawakuwa na haraka ya kuhama.

Sehemu kubwa ya pembezoni ya leo haikupata bahati hiyo. Shamba limekatwa vipande na mwenyewe, dalali amechukua chake, serikali ya mtaa imegonga mhuri, basi. Huduma zikija zinakuta pa kupita hapapo, na urasimishaji unapofika unadai mchango wa fedha pamoja na kipande cha kiwanja ulichokilipia. Wakati huo wote maji ni ya boza, na gari la majitaka halifiki kwenye shimo lako kwa sababu jirani kajenga ukuta. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilivunjwa kupisha upanuzi. Waliojenga hapo hawakuwa wote wajanja wa kuvamia. Wengi walishaishi miaka mingi.

Kwa maoni yangu, pembezoni panamfaa mwenye kazi ya huko huko, mstaafu, mfugaji, na aliyepata kiwanja kilichopimwa kisicho mbali na njia ya basi. Mwajiriwa wa Posta mwenye watoto watatu shuleni akiamua kuendelea kupanga Tabata au Magomeni si mjinga, na hastahili kusimangwa harusini kwamba umri unakwenda hana hata msingi. Amenunua muda.

Serikali nayo ingepunguza mbio hizi kwa mambo mawili. Kwanza, sheria inayomruhusu mpangaji kulipa kodi mwezi kwa mwezi na inayotekelezwa kweli. Pili, kujenga kwenda juu kandokando ya njia za mwendokasi badala ya kuendelea kuliacha jiji litambae. Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilikabidhiwa nyumba za ghorofa mwaka 2022, panaonyesha kwamba eneo lile lile la zamani linaweza kubeba watu bila kuwapeleka Chanika.

Nawe uliyeshika fedha ya kiwanja sasa hivi, usikitazame Jumapili mchana tu pamoja na dalali. Nenda siku ya kazi, wakati wa mvua, uondoke huko alfajiri kwa usafiri utakaotumia, uone unafika kazini saa ngapi. Kisha, kabla ya kutoa hata shilingi, pita ofisi ya mipango miji ya manispaa uhakikishe kwenye ramani kama hapo ni makazi, barabara au eneo la wazi.