Zana Zimfuate Fundi

Wapo watu ambao wakisikia kuwa fundi wa gereji ndogo amejitengenezea toroli la kuwekea zana, hucheka. Husema hayo ni mambo ya Ulaya. Fundi halisi huzijua spana zake hata gizani, na gunia linamtosha. Maneno haya nimeyasikia Kirumba, nimeyasikia Mabatini na Nyakato, na la kusikitisha zaidi, nimeyasikia vinywani mwa walimu wa ufundi wenye vyeti vyao. Nimeamua kuyajibu kwa sababu si mzaha. Yanawala watoto wa watu posho zao.

Tuanze na jambo lisilobishaniwa. Gari bovu halitembei. Limevutwa kwa kamba, likawekwa pale palipopatikana nafasi, na hapo litakaa mpaka lipone. Basi ikiwa gari haliwezi kuzifuata zana, zana hazina budi kulifuata gari. Ndugu msomaji, nenda wodini katika hospitali yoyote ukaangalie: mgonjwa amelala, na muuguzi anamsukumia dawa kwa toroli, kila kichupa mahali pake. Hakuna aliyepata kumwambia muuguzi azitie sindano na vidonge ndani ya gunia kisha apapase.

Katika gereji zetu, hasa hizi tuziitazo gereji bubu, mambo ni kinyume. Fundi yu chini ya gari, kwa mkono mmoja amekishikilia kifaa kisimwangukie, na anapiga kelele, "Nipe kumi na tatu!" Kijana wake, spana boi, anamwaga gunia zima mchangani. Analeta kumi na mbili. Anatukanwa, anarudi, anachakura tena. Wakati huo grisi imeshika mchanga, na mchanga huo huo utaingia kwenye nati. Gunia nalo, kwa unyevu huu wa ziwa, ni kiwanda cha kutu. Nikilisema hili hujibiwa kwa methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waungwana, methali ile ilihusu mvungu wa kitanda! Aliyeitunga hakuwa na injini ya kufunga kabla ya magharibi.

Lakini kuinama si neno. Neno ni jioni. Zana zinakusanywa, boksi spana moja haionekani. Nani ameipoteza? Hakuna ajuaye ilitoweka saa ngapi, wala kama asubuhi ilikuwamo. Kwa kuwa lazima apatikane wa kulaumiwa, hulaumiwa aliye mdogo kuliko wote, na posho yake ya siku hukatwa. Nimewaona vijana wakirudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu, baada ya kutwa nzima ya kazi, kwa ajili ya spana ambayo wiki iliyofuata ilikutwa imesahaulika ndani ya boneti ya mteja. Hakuna aliyewarudishia fedha zao. Hiyo kwangu ni dhuluma, na chanzo chake ni gunia.

Dawa yake haihitaji mkopo wa benki. Chukua ubao, laza zana juu yake, zungushia kila moja penseli, kisha pake umbo lile rangi nyeupe. Spana ikiondoka, kivuli chake kinabaki kinakutazama. Kuhesabu kunakwisha kwa kutupa jicho moja, saa sita mchana na tena jioni, na zana ikikosekana inatafutwa wakati gari bado lipo uani. Ubao huo ndio uwe kifuniko cha toroli.

Hapa nawageukia wa upande wa pili, wenye fedha, wanaonunua makabati mekundu ya kutoka ng'ambo yenye droo saba na vigurudumu vinne vidogo kama ndimu. Kabati lile lilibuniwa kwa sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Sisi Mwanza tunaishi juu ya mawe na miteremko. Kwenye changarawe vigurudumu vile hukwama hatua ya kwanza. Na palipo na mteremko mgumu, ukilisahau kulifunga breki, kabati litafika feri ya Kamanga kabla yako. Isitoshe, ukizivuta droo tatu za juu kwa pamoja, kabati lote linakuinamia.

Toroli letu liwe na magurudumu mawili tu, makubwa, ya aina ya toroli la kubebea mchanga, upande mmoja; upande wa pili miguu miwili ya chuma na mikono ya kushikia. Unainua, unasukuma; ukiachia, miguu inakita ardhini na toroli halitoroki. Fremu ichomelewe kwa chuma cha pembe, hata kikiwa chakavu, na masanduku yawe ya mbao za msonobari, kwa kuwa mninga ni mzito na ni ghali bure. Urefu wa kwenda juu usipite kiuno cha fundi, yaani sentimeta 85 au 90. Vitu vizito, jeki na nyundo kubwa, vikae chini kabisa karibu na magurudumu. Bisibisi, koleo na spana juu. Droo zisizidi mbili. Kitambaa chenye oili kidogo kisikosekane humo, kwani zana ikipanguswa kabla ya kulazwa, kutu haina pa kuanzia.

"Zitaibiwa," wanasema. Zana za kwenye gunia haziibiwi? Toroli huingia chumbani jioni likiwa zima, lina kifuniko na kufuli, na mwizi wa mchana huonekana kwa kivuli anachokiacha. Gunia humfichia mwizi mpaka Ijumaa.

Nina sababu nyingine ya kulisema hili kwa ukali. Nilianza kufundisha katika miaka ya 1970, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ikiwa bado midomoni mwetu sote. Jembe lilishikwa, na fagio pia. Lakini katika shule moja ambayo sitaitaja, nilioneshwa stoo yenye masanduku ya zana za msaada: randa, patasi, seti za spana, zikiwa bado na mafuta ya kiwandani. Ufunguo alikuwa nao ofisa mmoja ambaye hakuwa na somo. Wanafunzi walikuwa wakichora spana daftarini. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba zikitolewa zitapotea na hesabu ya stoo itaharibika. Hesabu ilikuwa safi kweli, ndugu msomaji. Hakuna kilichopungua, na hakuna aliyejifunza kufungua nati.

Sasa tumeingia tena njia ile ile. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, mkondo wa amali ulianza sekondari Januari 2024, na zana zinapelekwa shuleni. Nawauliza wakuu wa shule wenzangu mlioko kazini: zinakwenda kwa nani, kwa kijana au kwa kufuli? Kabla ya kiti, kabla ya dirisha, kabla ya kibao cha jina la mgeni rasmi, kazi ya kwanza ya darasa la amali iwe toroli la zana za darasa lenyewe. Ndani yake mna kupima, kukata, kuchomelea, kupaka rangi na kuhesabu. Likiisha, kiranja wa karakana akabidhiwe ufunguo, na orodha ile ya stoo ibandikwe ndani ya kifuniko, mbele ya macho ya watoto.