Wastaafu tujihadhari na nyumba za wageni wa likizo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo siku hizi limewaingia sana watumishi wanaokaribia kustaafu. Jambo lenyewe ni hili la kununua kiwanja karibu na bahari, kujenga nyumba ya mapumziko, kisha kuikodisha kwa wageni wa likizo kwa siku mbili tatu. Wanaolihubiri wanasema kwamba nyumba hiyo itamlisha mstaafu mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi nasema kwamba kwa mtu aliyepewa mafao ya mkupuo mara moja tu, na hasa anayeishi mbali na nyumba hiyo, mstaafu ndiye atakayeilisha nyumba.

Mimi ni mkazi wa Bagamoyo na nyumba hizo ninaziona kila siku. Nyingi zimejengwa vizuri, zina baraza pana na paa la makuti, na kwa sehemu kubwa ya mwaka zimefungwa. Ndani yumo mlinzi na redio yake.

Kwanza tufanye hesabu, maana madalali wanatuonyesha mapato tu. Tuchukue mfano wa mtu aliyetumia shilingi 80,000,000 kwa kiwanja, ujenzi, vitanda, magodoro na vyombo vya jikoni. Nyumba anaikodisha kwa shilingi 120,000 kwa usiku. Dalali atamwambia azidishe mara 365 apate zaidi ya milioni 43. Hiyo ni hesabu ya ndoto. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, na barabara ni ya lami. Mgeni wa kutoka Dar anafika saa nne asubuhi, anatembelea magofu ya Kaole, anakula samaki, anaogelea, na jioni amekwisha rudi kwake. Anayelala ni yule wa Ijumaa na Jumamosi, na wala si kila wiki. Halafu iko masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo pwani yote inalowa. Hata Pasaka, ambayo watu wengi huitegemea, huangukia Machi au Aprili, yaani ndani ya mvua hizo au ukingoni mwake. Tamasha la sanaa la TaSUBa linaleta wageni wengi kweli, lakini ni siku chache katika mwaka mzima. Kwa hiyo tukisema siku 70 kwa mwaka tumemtendea mwenye nyumba haki.

Siku 70 kwa shilingi 120,000 ni shilingi 8,400,000. Wakala anayeleta wageni kwa njia ya simu na mtandao, tuseme anachukua asilimia 15, ambazo ni 1,260,000. Tuweke asilimia 10 kwa ajili ya kodi, 840,000. Msimamizi wa nyumba, yule anayefagia, kufua mashuka na kupokea wageni, alipwe 200,000 kwa mwezi, sawa na 2,400,000 kwa mwaka. Mlinzi wa usiku alipwe 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000. Zimebaki 2,100,000. Toa maji, umeme, gesi, sabuni, taulo zilizopotea na vikombe vilivyovunjika, kwa shilingi 100,000 tu kwa mwezi, zinabaki 900,000. Hizo ni shilingi 75,000 kwa mwezi kwa mtu aliyezika milioni 80. Na hapo bado hatujamwita fundi.

Fundi ndiye mpangaji wa kudumu wa nyumba ya pwani. Watu wa bara hawajui chumvi inafanya nini. Upepo wa bahari unakula bati, unakula bawaba za milango, unakula kitasa mpaka ufunguo haugeuki. Zege likiwa limechanganywa kwa maji ya chumvi au mchanga wa ufukweni, nondo zinaota kutu ndani kwa ndani, na siku moja kipande cha dari kinaanguka. Makuti nayo yanapendeza machoni, lakini baada ya miaka michache yanavuja na lazima yaezekwe upya, na wakati wote huo mwenye nyumba anaomba Mungu asije mgeni akatupa kipande cha sigara. Ukisema utaweka bati badala ya makuti, wageni watakuuliza kwa nini walipe fedha yote hiyo kuja kulala chini ya bati kama kwao. Mchwa nao wana ratiba yao. Nyumba iliyofungwa inaharibika upesi kuliko inayokaliwa, kwa sababu hakuna anayeona bomba linavuja mpaka ukuta umekwisha lowa.

Sasa linganisha. Hatifungani za Serikali za muda mrefu, ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kununua kuanzia shilingi 1,000,000, katika miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Kwa milioni 80 hizo ni zaidi ya milioni 8, bila mlinzi na bila mashuka. Au kama mtu anapenda tofali, fedha hiyo akijenga vyumba 10 vya kawaida mahali penye watu, akawapangisha walimu, wauguzi na vijana wanaoanza maisha kwa shilingi 50,000 kila chumba, atapata 6,000,000 kwa mwaka vikijaa, na mpangaji anafagia chumba chake mwenyewe. Kodi ya pango na ukarabati vitakatwa hapo pia, lakini mpangaji wa mwezi hakimbii masika.

Najua watakaonijibu kwamba nyumba ya pwani ina faida nyingine isiyohesabika kwa shilingi, yaani mwenyewe kupata mahali pa kupumzika. Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye kichekesho. Siku ambazo mwenye nyumba na watoto wake wana nafasi ni Idi, Krismasi, Mwaka Mpya na mwisho wa wiki. Siku ambazo mgeni anataka kulipa ni hizo hizo. Basi akilala yeye amepoteza mapato, na akiwapisha wageni anabaki Dar kwenye joto huku watu wengine wanaogelea mbele ya baraza lake. Nyumba haiwezi kuwa ya biashara na ya mapumziko katika usiku mmoja.

Halafu kuna ndugu. Hakuna hesabu ya dalali yoyote inayotaja ndugu. Mtu akishajulikana ana nyumba ufukweni, simu haziishi. Shikamoo mjomba, tuko njiani na watoto, ufunguo uko kwa nani? Utamwambia mpwa wako usiku mmoja ni shilingi 120,000? Utamtoza shemeji? Bwana harusi wa ukoo ataomba siku tatu za fungate, na mkwe atakuja na wenzake wa kazini ambao nao wamekwisha ambiwa kwamba ni nyumbani. Wote hao wanatumia maji na umeme, na msimamizi anawafulia mashuka. Mimi sisemi wafukuzwe, maana huo si utu wetu. Nasema tu kwamba mtu anayekopa benki kwa kutegemea kodi ya wageni awahesabu kwanza wapwa zake.

Wengine hutupa mfano wa Unguja, kwamba kule Paje na Nungwi nyumba zinajaa. Ni kweli Unguja ina wageni wanaokuja kwa ndege kutoka mbali na kukaa wiki nzima, jambo ambalo sisi wa Bagamoyo na Pangani hatuna kwa kiasi hicho. Lakini hata huko biashara hii imewahi kutetereka bila mwenye nyumba kuwa na kosa lolote. Desemba 2009 umeme uliokuwa ukitoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010, tena katika miezi ambayo wageni huwa wengi. Aliyekuwa na hoteli kubwa aliwasha jenereta. Mwenye nyumba moja alinunua dizeli kwa bei ya kumkomoa. Tena Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa nchini na kuruhusiwa tena Mei, na Zanzibar iliyokuwa imepokea watalii zaidi ya laki tano mwaka 2019 ikapata karibu nusu tu ya idadi hiyo mwaka huo. Kampuni kubwa inaweza kustahimili mwaka wa namna hiyo. Mtu wa miaka 61 mwenye dawa za presha za kununua kila mwezi hawezi.

Tuliokuwa watu wazima wakati wa Azimio la Arusha tunaona ajabu kidogo. Mwaka 1967 kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Leo sina ugomvi na mtu anayemiliki nyumba kwa fedha yake halali. Lakini kule nyuma tulijiuliza nyumba inamnufaisha nani, na swali hilo si baya hata sasa.

Maana hapa kwetu lina jibu. Mashamba ya minazi ya ukingoni mwa bahari yaliuzwa moja moja na wazee waliokuwa na shida ya fedha. Fedha imekwisha zamani, na wako ambao leo wanalinda usiku kwenye kiwanja kile kile walichokiuza, kwa mshahara ambao mwenye nyumba akikosa wageni huwa wa kwanza kucheleweshwa. Muuguzi anayehamishiwa hapa anazunguka na mizigo kutafuta chumba huku nyumba za vyumba vinne zimefungwa makufuli. Na zipo kuta zilizosogezwa mpaka wavuvi hawana njia ya kushusha vyombo vyao, ingawa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayenunua kiwanja kilichomo ndani ya mita hizo ajue kwamba dalali hatakuwepo siku ya kubomolewa.

Isifikiriwe kwamba hakuna anayefaidika. Mtaani kwetu yuko mama mmoja, mjane, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe na kukodisha vyumba viwili vya uani. Chai na vitumbua anapika mwenyewe, mashuka anafua na binti yake, na mlinzi wake ni wajukuu na majirani. Masika ikikaribia anaacha kungojea wageni na kuwapangisha wanafunzi kwa mwezi. Katika mfano wangu wa juu, yeye angekuwa ameokoa shilingi 4,200,000 za msimamizi na mlinzi, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Nyumba ya wageni inamlipa anayelala ndani yake. Wa Mbezi au Dodoma anayeisimamia kwa simu analipa mishahara ya watu wengine, na kwa hilo tunamshukuru, lakini asiite biashara.

Ombi langu ni kwa maafisa utumishi na mifuko ya hifadhi ya jamii wanaoandaa semina za wastaafu watarajiwa. Siku ya semina hizo wauza viwanja hawakosekani mlangoni na picha zao za bahari. Basi nao wataalamu wa hatifungani wapewe saa moja, na aitwe pia mtu mmoja aliyeendesha nyumba ya wageni kwa miaka mitano, aje na daftari lake la matumizi, lisomwe mbele ya watu kabla hawajatia saini.

Mstaafu,
Dunda, Bagamoyo.