Shule ikizuia cheti humpoteza mwanafunzi wake

Imekuwa desturi katika shule zetu za upili kwamba mwanafunzi wa zamani hukumbukwa siku basi la shule linapohitajika. Hapo barua hupigwa chapa, majina ya waheshimiwa na wenye biashara huorodheshwa, na harambee hutangazwa. Wale ambao hawakupata cheo wala mali, nao ndio wengi, hawaandikiwi. Huku kwetu katika Kaunti ya Tana River, hasa upande wa Garsen, desturi hiyo imetutia hasara ambayo ningependa kuieleza, madhali walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu ndio wenye uwezo wa kuikomesha.

Nimefunza kwa miaka mingi katika sehemu hii ya chini ya mto Tana, na mara kwa mara nimesikia walimu wenzangu wakiuliza kwa nini Alliance, iliyofunguliwa mwaka wa 1926, au Starehe, iliyoanza mwaka wa 1959, zina vyama vya wanafunzi wa zamani vyenye nguvu ilhali shule zetu hazina. Jibu linalotolewa upesi ni umaskini. Mimi silikubali. Umaskini unaweza kueleza kwa nini chama hakina fedha. Hauelezi kwa nini hakuna chama kabisa. Sababu iliyo karibu zaidi imo katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu.

Humo mna vyeti vya KCSE. Vingine vimekaa miaka miwili, vingine kumi na zaidi, na wenyewe hawajavichukua kwa kuwa wanadaiwa karo. Tufikirie hali ya kijana mmoja wa namna hiyo. Baba yake alikuwa na ng'ombe, nao wakafa katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi mapema 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Mwenzake ni mwana wa mkulima ambaye migomba na mahindi yake yalifunikwa na maji mto ulipofurika. Wote wawili walifanya mtihani, wakapata alama za kuridhisha, kisha wakaondoka na deni. Usajili wa makurutu wa polisi au jeshi unapotangazwa, huambiwa waje na cheti halisi. Hawanacho. Wakienda shuleni kukiomba, huonyeshwa kitabu cha madeni. Baada ya kurudishwa mara mbili au tatu, huliepuka lango hilo hata wanapopita barabarani. Ni nani basi atakayemwita kijana huyo mwanafunzi wa zamani, aje achangie basi?

Sheria haina utata juu ya jambo hili. Sheria ya Baraza la Kitaifa la Mitihani ya mwaka wa 2012, katika kifungu cha 10, inaagiza kwamba cheti kisizuiwe na mtu wala taasisi yoyote. Mawaziri wa elimu wamelirudia agizo hilo mara nyingi. Hata hivyo makabati yangali yamefungwa, na si kwamba walimu wakuu ni watu wakatili. Mwenye kuuza mahindi na maharagwe anataka fedha zake, mlinzi na mpishi wanataka mishahara, na mwalimu mkuu hana silaha nyingine ya kudaia. Nauelewa mkazo huo, lakini nashikilia kwamba silaha hiyo ni butu. Deni ni la mzazi, tena cheti kilichozuiliwa humnyima mwana ile kazi ambayo ingemwezesha kulilipa. Ingefaa zaidi mzazi aandikiane mapatano na bodi ya shule, alipe kidogo kidogo, naye mwana apewe cheti chake. Fauka ya hayo, fedha za basari za kaunti na za maeneo ya bunge aghalabu humfikia aliye darasani tu. Wawakilishi wetu wangetenga sehemu ndogo kwa ajili ya madeni ya waliokwisha kuondoka, wangezisaidia shule na vijana kwa mpigo mmoja.

Yako mengine yanayoupa mkasa huu uzito wa pekee katika bonde la Tana. Mto huu haukawii kutoka kingoni mwake. Ulifurika wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ukafurika tena mwaka wa 2018, na mwishoni mwa 2023 barabara ya kutoka Garsen kwenda Hola na Garissa ilikatika. Karatasi haiyawezi maji. Daftari la kuandikisha wanafunzi likilowa, shule hupoteza kumbukumbu ambayo hakuna ofisi nyingine iliyo nayo kwa ukamilifu: nani aliingia mwaka gani, alitoka kijiji gani, aliondoka lini. Siku hizi simu ya mkononi inaweza kupiga picha kila ukurasa, na nakala zikawekwa Malindi au Mombasa kwa mtu mwaminifu. Ni kazi ya siku chache, lakini shule inayofikiria hivyo ni nadra.

Nalitaja daftari kwa sababu nyingine pia, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Itakumbukwa kwamba tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na kwamba hadi mwisho wa mwaka ule, baada ya Kilelengwani na Kipao, waliokufa katika Delta ya Tana walipita 100 na maelfu wakahama makwao. Wafugaji, Waorma na Wawardei, na wakulima, Wapokomo, walikuwa wakigombania malisho, mashamba na malka za kuteremshia mifugo mtoni. Vijiji vyetu kwa kawaida ni vya jamii moja moja. Soko huwakutanisha watu kwa saa chache, kisha kila mmoja hurudi kwake. Mahali ambapo mwana wa mfugaji na mwana wa mkulima hukaa pamoja miaka minne, wakala chungu kimoja na kulala bweni moja, ni shule ya upili ya malazi. Katika daftari lake majina yao hufuatana kwa nambari, wala hayakutengwa kwa kabila.

Nawajua wanaume wawili waliolala kitanda cha ghorofa kimoja, mmoja juu na mwingine chini, ambao katika siku zile mbaya za 2012 walipigiana simu kila jioni kuulizana habari za watu wao. Hapakuwa na kamati iliyowaagiza. Lakini walikuwa wawili tu, na simu zao ziliwafaa wao na jamaa zao. Lau shule yao ingekuwa na chama kinachojua wenzao mia mbili wa miaka ile waliko, sauti hiyo ingesikika mbali zaidi. Sisemi kwamba ingezuia damu. Nasema tulikuwa na watu waliofahamiana pande zote mbili, nasi hatukuwa na njia ya kuwaita.

Vikundi vya WhatsApp ambavyo vijana wameanzisha ni jambo jema, ila kila kikundi ni cha mwaka mmoja, na asiye na simu ya kufaa hayumo. Huyo ndiye aghalabu aliyebaki kijijini, na ndiye tunayemhitaji.

Elimu ya shule si jambo geni kwetu. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifika Ngao katika miaka ya 1880, kabla ya reli kufika Nairobi. (Na kila shule nchini inapopandisha bendera, watoto husimama kwa wimbo wa taifa, ambao sauti yake ilitokana na bembelezi la akina mama wa Kipokomo. Kilichotoka Tana kimeenea kote. Sijaona bado kikiturudia.) Kwa hiyo tunao wauguzi, walimu, machifu na maafisa wa mifugo waliosoma hapa hapa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inairuhusu bodi ya shule kuwaongeza wanachama wachache wenye ujuzi. Kwa nini asiwemo mwanafunzi wa zamani, hata kama hana gari? Na siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, kwa nini wasialikwe wawili, mmoja wa jamii ya wafugaji na mwingine wa wakulima, waliokuwa darasa moja, wasimame pamoja mbele ya watoto?

Lakini kabati litangulie. Mtihani wa mwisho wa KCSE umepangwa kufanywa mwaka wa 2027, kisha mfumo wa 8-4-4 utakuwa umefungwa. Kuorodhesha vyeti vilivyobaki, kwa jina, mwaka na kijiji, na kuwapelekea machifu na wazee wa mitaa orodha hiyo ili wenyewe waitwe, ni kazi ambayo karani mmoja na wanafunzi wawili wenye hati nzuri wanaweza kuimaliza kwa alasiri mbili.