Besdei ya Mtoto au Shughuli ya Mama?

Leo sileti pishi wala mapambo ya nyumba. Nina dukuduku, nimelikalia wiki nzima, na nimeona bora nilitoe. Anayenuna na anune.

Juzi niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa. Kuangalia, kumbe ni kamati ya besdei. Mwenye besdei anatimiza miaka miwili. Kamati ina mwenyekiti, ina mweka hazina, na watu thelathini na kitu. Sare ni pinki na dhahabu, kitambaa kinauzwa na mtu mmoja tu, mchango shilingi 50,000 kwa kichwa, na asiyelipa kwa tarehe waliyoitaja ahesabiwe hayumo. Ukumbi umeshawekwa. Mpiga picha yupo, mshereheshaji yupo, na muziki ni wa rusha roho. Rusha roho jamani, kwa mtoto ambaye bado anavaa nepi! Anamrusha nani roho huyo?

Kabla hamjaniambia nina wivu, nikirini la kwangu. Binti yangu alipotimiza mwaka mmoja nami niliyafanya hayo hayo, tena kwa mbwembwe. Nilikuwa nimepokea kibati changu, shilingi 850,000, na pesa ile niliipangia friji ili nianze kuuza juisi na barafu pale nyumbani. Friji sikununua. Nilikodi ukumbi, nikaagiza keki ya tabaka tatu, nikashona nguo tatu za kubadilisha. Zangu, si za mtoto. Wageni tuliwaalika saa kumi na mbili, wakaanza kuingia saa mbili usiku, wakati mwanangu ameshalala fofofo. Tukamwamsha. Akafungua macho akaona taa, akasikia spika, na mbele yake mtu mzima aliyevaa mdoli mkubwa wa sungura anamchezea mikono. Wallahi alilia mpaka akatapika kwenye gauni la mamangu. Picha nilizolipia zinajaza albamu nzima, na mtoto mwenyewe yumo katika chache tu, zote analia. Mimi nacheka katika kila moja.

Hayo ningeyasahau. Nisilolisahau ni la asubuhi yake. Jirani yangu ana watoto pacha, wanashinda na binti yangu kuanzia wakiamka mpaka magharibi, wanakula sahani moja. Mama yao hakuweza sare, basi sikumwambia kitu, nikanyamaza kama kwamba hakuna jambo. Wale watoto wakaja mlangoni, wakaona mapulizo niliyorudi nayo, mmoja akaniuliza, "Mama, sisi mbona hatukuja?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka minne. Nikawapa mapulizo. Mama yao alinisalimia kama kawaida siku ile, na mpaka leo tunasalimiana, lakini tangu hapo hajaniomba hata chumvi. Mnaojua mitaa yetu mnajua maana yake.

Kisha likaja daftari. Nyote mnalijua lile daftari, la nani katunza nini. Aliyekupa 20,000 unamrudishia 20,000 na kidogo juu, na hana haraka, anasubiri shughuli yake. Nilirudisha kwa miaka miwili, huku besdei, huku kitchen-pati, huku maulidi ya nyumba mpya. Friji nimelinunua mwaka wa tatu. Kwa hiyo mtu akiniambia "kila mtu na pesa zake, inakuuma nini?", namjibu kwamba pesa zenyewe si zake. Ni za kibati, ni za shemeji aliyepigiwa simu, ni za wifi aliyetoa kwa kuogopa kusemwa, na zote zinadaiwa. Pesa yako ni ile ambayo ukiitumia hakuna mtu anayeandika mahali.

Sasa najua wengine mnasubiri niseme la dini, kwamba besdei ni bidaa, nifunge mjadala twende zetu. Mashekhe wametofautiana na mimi si mufti. Wapo wanaoikataa kabisa kwa kuwa ni kuiga ya wengine, na nyumba inayofuata kauli hiyo naiheshimu, siwapelekei keki. Wapo wanaoiona ni ada tu kama ada nyingine, ilimradi isiingie haramu, na baadhi yao hukumbusha kwamba Mtume (SAW) alipoulizwa kuhusu funga ya Jumatatu alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Wanaokataa hujibu kwamba yeye alifunga, hakukata keki. Jibu zuri, na linawahusu hata wanaoruhusu, maana siku ile aliipa shukrani, hakuipa ukumbi.

Lakini lipo ambalo hatutofautiani, nalo ni akika. Siku ya saba, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike, mtoto anapewa jina, ananyolewa, na uzito wa nywele zake unatolewa sadaka kwa thamani ya fedha. Ni sunna kwa mwenye uwezo, na asiye na uwezo hana lawama. Sasa nawauliza kwa upole: ni wangapi kati yetu tulisema hatuna uwezo? Mbuzi hakupatikana siku ya saba, ukumbi umepatikana siku ya mia tatu sitini na tano. Nyama ile ingekwenda kwa jirani na kwa maskini. Na israfu haihitaji fatwa ndefu, kila mmoja wetu anaijua akiiona kwa mwenzake. Tunajua pia jinsi Mtume alivyokikemea chakula cha karamu ya harusi wanachoitiwa wenye nacho na kuachwa wasio nacho. Harusi hiyo, yenye wajibu wake. Sembuse besdei?

Wapo watakaosema wanamwekea mtoto kumbukumbu. Kumbukumbu ipi? Jaribu wewe mwenyewe kukumbuka siku ulipotimiza mwaka, au miwili. Watu wengi hatubaki na chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi. Yule mtoto hatakumbuka ukumbi, hatakumbuka keki, atakuja kuziona picha na kuuliza kwa nini analia. Tuseme kweli basi, sherehe ya mwaka wa kwanza ni ya mama.

Na hapo, dada zangu, mimi sina ugomvi hata kidogo. Mama ana haki ya kufurahi! Umebeba miezi tisa, umezaa, umekaa arubaini yako, umekesha na homa za meno, umepanga foleni ya kliniki mpaka kadi ya mtoto imejaa, chanjo ya surua ya miezi tisa umeipata. Mwaka umepita na mtoto yu hai anatambaa kwenye meza. Hilo si dogo, na bibi zetu walilijua zaidi yetu kwa sababu walizika. Kama unataka kushukuru, shukuru, na uite kwa jina lake. Waite watu watano waliokusaidia. Mwite mkunga aliyekuzalisha. Mwite yule aliyekukanda, yule aliyekupikia uji wa pilipili manga. Hao ndio kamati yako. Lakini usimvishe mtoto taji kisha ukajificha nyuma yake.

Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakujua tarehe yake. Alijua kwamba alizaliwa Makunduchi, mwezi mmoja baada ya Mwaka Kogwa. Mwaka Kogwa wa mwaka gani, hapo kila mzee alikuwa na lake. Wala hakuishi akijiona amepungukiwa. Sisemi turudi huko, tarehe ni kitu kizuri, shuleni wanaitaka. Nasema tu kwamba hili tunalolifanya kama kwamba tumeachiwa na wazee ni geni, na kwa kuwa ni geni tuna hiari ya kulikata tunavyotaka.

Hata ule wimbo wa kizungu tunaouimba sote haukuanzia ukumbini. Sauti yake ilitungwa na dada wawili wa Kentucky huko Marekani, Mildred na Patty Hill. Patty alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na sauti ile ilichapishwa mwaka 1893 ikiwa ya kuamkiana asubuhi darasani. Ya besdei ikaja baadaye, na kampuni ikatoza watu pesa kwa kuuimba kwenye filamu, mpaka 2015 jaji wa huko alipoamua kwamba kampuni haina haki na yale maneno. Walimu na watoto wamekaa, wanaamkiana. Kisha akatokea mtu na daftari. Mnaona?

Na hili la kumwagiana maji nalo, tuliache. Mtoto anaitwa nje kwa furaha, anamwagiwa ndoo tatu, anapakwa unga na mayai, anasukumwa uso kwenye keki, watu wanarekodi kwa ajili ya stetasi. Mtaani kwetu maji yanatoka kwa zamu. Kuna mama anaamka saa tisa usiku kujaza ndoo zile. Anayetaka kuniambia hiyo ni furaha aje saa tisa anisaidie kubeba.

Basi mwanangu wa pili, wa kiume, nilimfanyia nini? Nilimfanyia nyumbani, Ijumaa, kwa kuwa chuoni kwao Ijumaa hakuna. Tulianza baada ya alasiri na tukamaliza kabla ya magharibi, maana magharibi watoto tunawaingiza ndani. Nilitandika mikeka miwili. Nilipika mkate wa mayai wenye hiliki, katlesi, kachori na visheti, na juisi ya ukwaju kwenye ndoo ya mfuniko. Bisi na karanga niliwanyima wadogo wa chini ya miaka minne, zinapalia, na pulizo likipasuka niliokota vipande mara moja, navyo vinapalia vilevile. Waliokuja ni binamu zake, watoto wa mtaani, na wale pacha, ambao sasa ni wakubwa na ndio waliosimamia mchezo wa ukuti. Watu wazima walikaa barazani. Zawadi nilisema hapana. Mmoja alileta embe mbili, nikazipokea. Mamangu alisoma dua, kila mtoto akaitikia amin kwa sauti ya juu kuliko mwenzake, wakapewa mkate wakaondoka. Mwenye siku alilala saa moja na nusu na kipande cha visheti mkononi.

Mama yao pacha alikuja kuwachukua. Nilimfungia mkate wa kwenda nao. Akakaa barazani kidogo, tukazungumza habari za bei ya unga, hakuna lililosemwa la zamani. Wiki iliyofuata akatuma mtoto aombe chumvi.

Kwenye lile grupu nilijibu, sikutoka kimyakimya. Niliandika: "Mtoto nampenda na mama yake nampenda. Siku hiyo asubuhi nitakuja nyumbani kwenu na mkate wa mayai na nguo yake moja ya dukani. Sare na mchango sitoi." Wawili waliniletea ujumbe pembeni wakasema nimewasemea, wao wameshalipa na wanajuta. Mwenyekiti akanitoa kabla sijamaliza chai.

Siku yenyewe ni Jumamosi. Mayai nimeshanunua.