SEHEMU YA 3: "UYOGA WA KWENYE MTI HAUNA SUMU." NANI KAKUAMBIA?

Leo nimekuja kugomba kidogo, mnivumilie.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu: ati wenye sumu ni uyoga wa ardhini tu, wa kwenye mti kula bila wasiwasi. Jamani, SI KWELI. Japani kuna uyoga wa magogo, Omphalotus japonicus, unaofanana na mamama, na ni kati ya unaoongoza kudhuru watu kule. Kuna mwingine mdogo wa kahawia, Galerina marginata, nao huota kwenye miti iliyooza, na una sumu ile ile ya Amanita phalloides, inayoua ini.

"Mbona bibi yangu alikula miaka yote?" Sawa. Lakini bibi hakufuata kanuni ya mti. Bibi aliujua uyoga wenyewe: jina lake, msimu wake, harufu yake. Wewe umeona kisiki nyuma ya nyumba baada ya mvua, ukakimbilia sufuria. Hapo bibi hayupo.

Kijiko cha fedha, kitunguu saumu, "mbona wadudu wanaula"? Havipimi kitu. Na sumu ya ini haitoki kwa kuchemsha wala kukausha.

Kinachoniuma ni kwamba sumu hii inadanganya. Masaa 6 hadi 24 mtoto anacheza tu. Kisha anatapika na kuharisha. Halafu anapata nafuu, anaomba uji, mama anashukuru Mungu, safari ya hospitali inaahirishwa. Kumbe ndani ini linaendelea kufa.

Kwa hiyo shika haya:

👉 Unataka mamama? Nunua wa kupandwa.
👉 Wa porini, chuma na mtu anayeujua kwa jina. Ukiwa na shaka, tupa.
👉 Pika uive kabisa. Usichanganye aina. Bakiza mmoja ambao haujapikwa.
👉 Mtoto mdogo usimpe wa porini.
👉 Mtu akiumwa baada ya kula uyoga, hospitali mara moja, HATA AKIPATA NAFUU. Beba mabaki. Usimtapishe kwa maziwa wala mafuta.

Huyo aliyekutumia ule ujumbe, mrudishie huu. Usimwonee aibu. Mtoto wake pia anakula kwenye sufuria hiyo hiyo.