Mpeleke Shule ya Wahindi, Lakini Jua Anakimbizwa Wapi

Wasee, kuna tabia moja ya Wakenya walio Dubai inanikera sana. Mzazi akisema mtoto wake yuko shule ya mtaala wa Uingereza, kila mtu anamkubali. Akisema yuko shule ya mtaala wa India, watu wananyamaza kidogo, halafu mmoja anauliza, "Kwani mlikosa nyingine?"

Mimi nasema hivi, na mnirukie mkitaka: kwa familia ya Kikenya yenye kipato cha kawaida kule Ghuba, shule ya mtaala wa India si tairi ya spea. Ni chaguo la maana, na mara nyingi ndilo lenye akili kuliko mengine yote. Shida inaanza mzazi akilipa karo bila kujua hiyo shule inamkimbiza mtoto kuelekea wapi.

Hii stori iko nyumbani kwetu saa hii. Dadangu na mumewe wako Dubai, wote wanafanya kazi, na mtoto wao anakaribia miaka sita. Grupu ya WhatsApp ya familia imekuwa bunge. Anko anataka shule ya Uingereza "ndio mtoto asikike akiongea". Shangazi anasema mtoto arudishwe Nakuru kwa shosho, asome huku, atumiwe pesa kila mwezi. Mathe amenyamaza, na mathe akinyamaza ujue ana lake. Shemeji ndiye amesema polepole, "Kuna shule ya Wahindi karibu na nyumba." Alivyochekwa!

Sasa tuhesabu, kwa sababu karo haijali heshima ya mtu.

Dirham moja ni kama shilingi 35 hivi. Dubai kuna shule za mtaala wa India zenye karo ya dirham elfu chache tu kwa mwaka, zingine elfu kumi, zingine zinapanda hadi elfu arobaini na zaidi. Za mtaala wa Uingereza, zile zenye jina, kupita dirham 50,000 ni kawaida, na kuna zinazopita 80,000. Chukua hiyo 50,000 tu. Ni shilingi milioni moja na laki saba na nusu, mwaka mmoja, mtoto mmoja.

Halafu angalia upande wa mshahara. Sheria ya Falme za Kiarabu inataka mfanyakazi apate angalau dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 na nyumba ya mwajiri, ndio aruhusiwe kuleta familia. Mtu wa 4,000 anapata 48,000 kwa mwaka mzima. Yaani hata asipokula, asipolipa nyumba, asipotuma kitu nyumbani, bado hawezi kumaliza karo ya hiyo shule ambayo anko anaitaka. Lakini shule ya dirham 6,000 au 8,000, mkijibana wawili, inalipika.

Kwa hivyo kwa watu kama dadangu, kuchagua kati ya shule ya Wahindi na shule ya Waingereza ni mchezo wa mdomo tu. Uchaguzi halisi uko hivi: shule ya Wahindi, au mtoto alelewe kwa simu.

Na hapo mimi siongei nadharia. Nimelelewa na shosho Nakuru kuanzia darasa la pili mpaka fomu tu, mathe akiwa Ghuba. Shosho alinipenda kabisa, sina lalamiko. Lakini mamangu nilimjua kama sauti ya Ijumaa jioni. Nilikuwa namsomea ripoti ya shule kwa simu, anasema "hongera", laini inakatika. Viatu alivyoninunulia vilikuwa vinakuja vikiwa vidogo kila mara, kwa sababu aliyenunua hakuwa ananiona nikikua. Kwa hivyo mtu akiniambia eti bora mtoto aachwe nyumbani kuliko aende shule isiyo na jina kubwa, naona hajui bei ya hiyo kitu nyingine.

Sawa. Tuseme umekubali. Unanunua nini haswa?

Shule nyingi za Kihindi kule ziko chini ya CBSE, ile bodi ya mitihani ya serikali ya India, makao yake Delhi. Ina shule katika nchi zaidi ya 20 nje ya India, na Falme za Kiarabu ni kati ya ngome zake kubwa. Hawakufika jana: The Indian High School ya Dubai ilianza mwaka 1961, kabla hiyo nchi yenyewe haijaundwa mwaka 1971. Kuna pia shule zinazofuata bodi nyingine, CISCE, yenye mtihani wa ICSE darasa la 10 na ISC darasa la 12. Kwa hivyo "shule ya Wahindi" bado si jibu. Uliza ni bodi gani. CBSE ina orodha ya shule zake kwenye tovuti yake. Kama jina haliko, hiyo "kimataifa" iliyoandikwa kwenye geti ni rangi tu.

Masomo yenyewe ni mazito. Hesabu na sayansi zinaanza mapema na hazibembelezi mtu. Vitabu vya NCERT ni vya bei ya chini, na nakala zake ziko kwenye intaneti bure. Mitihani ya miaka iliyopita nayo iko. Kwa mzazi ambaye hawezi kulipia tuisheni, hiyo ni mali. Mtoto akikwama saa tatu usiku, kuna maelezo ya kila sura, mengi kuliko anayoweza kumaliza.

Lakini sasa sikiza upande wa pili, kwa sababu sitaki kuwauzia kitu.

Kila mtaala una mstari wa mwisho, na shule inafundisha ikiangalia huo mstari. Kwa familia nyingi za Kihindi, mstari huo ni JEE, mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi, au NEET, wa udaktari. NEET mwaka 2024 ilifanywa na watu zaidi ya milioni 2. Kuna mji mzima kule Rajasthan, unaitwa Kota, unaojulikana kwa vituo vya kunoa watoto kwa hiyo mitihani. Presha hiyo inavuka bahari na kuingia darasani Dubai. Mtoto akifika darasa la 11 anachagua mkondo: sayansi, biashara au sanaa. Sayansi ndiyo mfalme, na kuna shule ambazo sanaa hazifundishi kabisa. Mtoto wako anayependa kuchora au kuandika anaweza kujikuta kwenye mbio ambazo zawadi yake haitaki na hata hawezi kuitumia.

Hapo ndipo naona Wakenya wengi wanakosea hesabu. Wanauliza, "Shule ni nzuri?" Badala ya kuuliza, "Huyu mtoto akifika miaka 18 atakuwa ameketi wapi?"

Kama jibu ni chuo cha Uingereza, vyuo vingi vya huko huandika wazi alama wanazotaka kwa mwanafunzi wa darasa la 12 la India, pamoja na alama ya Kiingereza. Unasoma, unajua. Kama jibu ni India yenyewe, Wakenya wengi wameshasoma huko, na serikali ya India hutoa ufadhili kupitia ICCR kwa wanafunzi wa Afrika. Mtoto aliyezoea mfumo huo hataanza na mshtuko.

Kama jibu ni Kenya, kaa chini kabisa. KUCCPS imejengwa kuzunguka mtihani wetu wa huku, kwa hivyo mwenye cheti cha nje anaanza kwa kukipeleka KNEC kilinganishwe. Inawezekana, lakini ipange kabla, si wiki ya kutuma maombi. Halafu kuna kalenda. Mwaka wa shule za Kihindi kule unaanza Aprili na kuisha Machi. Wetu unaanza Januari. Mtoto akirudi Januari amekata mwaka katikati. Na kuna Kiswahili. Kule atasoma Kiarabu, kwa sababu shule za kibinafsi lazima zikifundishe, na pengine Kihindi au Kifaransa. Kiswahili usikitarajie. Mrudishe Gredi ya 7 huku uone anavyoangalia insha kama mgeni aliyepotea kwa stendi. Kama hamkiongei nyumbani kwa makusudi, hakuna shule itakayowafanyia hiyo kazi.

Kitu kingine: usimhamishe mtoto akiingia darasa la 10 au la 12. CBSE inabana sana kupokea wanafunzi wapya kwenye madarasa hayo, kwa sababu mtihani huandaliwa kwa miaka miwili, wa 9 na 10, kisha wa 11 na 12. Ukitaka kuingia, ingia mapema. Ukitaka kutoka, toka baada ya darasa la 10.

Na kuna hii ambayo watu wanaogopa kuitaja. Mtoto wako anaweza kuwa Mwafrika peke yake darasani, na CBSE inaruhusu hadi watoto 40 darasa moja. Watoto wataongea Kihindi au Kimalayalam wakati wa mapumziko, na yeye atasimama hapo na chapati yake. Kuna atakayemgusa nywele. Kuna atakayeuliza swali la ujinga kuhusu Afrika. Sisemi haitafanyika. Lakini hata shule ya Uingereza haikupi kinga dhidi ya hiyo. Pale watamuuliza kwa lafudhi nyingine tu. Cha maana ni shule inafanya nini ikitokea. Nenda umuulize mwalimu mkuu, "Mtoto wangu akitukanwa kwa rangi yake, nitapigiwa simu na nani, na siku ngapi baadaye?" Akianza kuzungukazunguka, chukua mkoba wako uende.

Dubai inakurahisishia kuchunguza. Kuna KHDA, mamlaka inayosimamia shule za kibinafsi, na tangu mwaka 2008 imekuwa ikituma wakaguzi. Ripoti ziko wazi kwenye tovuti yake. Utaona daraja la shule, idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, walimu wangapi huondoka kwa mwaka, hata uraia ulio na wanafunzi wengi zaidi. Karo ya kila darasa imeandikwa, na shule haiwezi kuipandisha kiholela. Sharjah wana SPEA, Abu Dhabi wana ADEK. Kabla hujasikiliza anko aliye Nairobi, soma hizo kurasa. Mimi kwanza naangalia ile ya walimu wanaoondoka. Shule ambayo walimu wake hawakai, kuna kitu wanajua ambacho wewe hujui.

Najua kuna wanaosema mtaala wa India ni wa kukariri tu, mtoto anatoka kama kasuku. Kuna ukweli hapo, na India wenyewe wanalipigania: sera yao ya elimu ya 2020 inataka kupunguza kukariri, na mwaka 2025 CBSE iliamua kwamba kuanzia 2026 mwanafunzi wa darasa la 10 apate nafasi ya pili ya mtihani mwaka huo huo, ili presha ishuke. Lakini wacha tuwe wakweli, bana. Sisi tuliokariri KCPE na KCSE mpaka tukaota majibu, tumepata wapi nguvu ya kumcheka mtu kwa kukariri?

Kwa hivyo nimeandika kwenye grupu, na nawaandikia nyinyi pia, maana wengi wenu mna dada au kaka kule, na wengine mnapanga kwenda. Chagua shule kwa mpangilio huu: mtoto akae na wazazi wake, karo ilipike bila mkopo, bodi iwe ya kweli, mlango wa miaka 18 ujulikane, na shule iweze kumlinda mtoto aliye tofauti. Jina lije baada ya hayo yote, kama bado kuna nafasi. Na akifika darasa la 8 au la 9, muulize yeye mwenyewe anataka nini, kabla mkondo haujachaguliwa na majirani.

Mathe hatimaye ameandika kwenye grupu. Maneno manne tu: "Mtoto akae na mamake." Anko amesoma, hajajibu mpaka saa hii.