Spidomita ya lori nayo ni mizani

Mkulima wa Mbulu akitakiwa kujaza vitunguu vyake kwa lumbesa hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Kwa miaka mingi Wakala wa Vipimo imekuwa ikiwahimiza wakulima wakatae lumbesa na wauze kwa mizani. Lakini mkulima huyo huyo, pamoja na mfanyabiashara anayenunua mazao yake, huweza kusafirisha mzigo kwa kutumia mizani nyingine mbovu bila kuitilia shaka. Mizani hiyo ni spidomita ya lori.

Kwa njia za vumbi, matope na milima kama zile za kata ya Masieda, mwenye lori huona ni afadhali aweke matairi makubwa ili gari liinuke, na abadilishe meno ya difu ili lipande na mzigo bila kuhema. Hakuna ubaya katika hilo. Mlima kama Magara hautaki lori legevu. Ubaya huanza pale lori linapotoka gereji likiwa na miguu mipya, huku spidomita ikiendelea kuhesabu kwa miguu ya zamani.

Spidomita haioni barabara. Katika malori mengi huhesabu mizunguko inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye propela shafti, halafu huigeuza kuwa kilomita kwa hesabu iliyowekwa kiwandani. Hesabu hiyo inategemea mambo mawili: propela inazunguka mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja, na tairi likizunguka mara moja linakwenda umbali gani. Fundi akigusa mojawapo, hesabu ya kiwandani imekufa.

Chukua mfano wa lori ambalo tairi lake la zamani lilikwenda sentimita 250 kwa mzunguko mmoja, na jipya linakwenda sentimita 269. Tairi pekee likibadilishwa, spidomita itasoma pungufu. Dereva akiona 80, lori liko kwenye kilomita 86 kwa saa. Likitembea kilomita 1,000 za kweli, spidomita itaandika 929 tu.

Sasa difu nayo ibadilishwe, kutoka krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 7, kuwa krauni ya 37 na pinioni ya 6. Propela itazunguka zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, na spidomita itapinduka upande wa pili. Kilomita 1,000 za kweli zitaandikwa 1,084. Wanaodhani kwamba tairi kubwa na difu mpya hufutana wanajidanganya. Hupunguzana tu, na kosa linalobaki ni fedha.

Fedha hizo huanza kupotea kwenye mafuta. Tuseme lori lenye matairi makubwa limetumia lita 250 kwa kilomita 1,000, yaani kilomita 4 kwa lita. Spidomita ikiandika 929, tajiri ataona kuna lita 18 ambazo hazina maelezo. Dereva ataitwa mwizi, pengine atafukuzwa kazi, na hakuiba hata kikombe. Kwa lori lililobadilishwa na difu mambo ni kinyume. Kilomita 84 za hewa zinatosha kuficha lita 21 zilizonyonywa kweli, na tajiri atamsifu anayemuibia.

Mfanyabiashara anayekodi lori kwa kilomita naye atalipia safari ambayo mzigo wake haukwenda. Upande wa injini, mwenye lori lenye matairi makubwa pekee anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 atakuwa amechelewa hadi 5,380 bila kujua.

Halafu kuna roho za watu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yanayozidi tani tatu na nusu, na kilomita 50 katika maeneo ya makazi. Tochi ya askari haijui habari za matairi mapya. Dereva anayeapa kuwa alikuwa kwenye 80 anaweza kuwa anasema kweli kama alivyoiona, na faini atalipa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inasisitiza jambo moja: mshale usionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Lori la matairi makubwa pekee linaweza kwenda kinyume kabisa na busara hiyo, tena likiwa na magunia juu na utingo nyuma.

Wapo wanaosema kwamba dereva mzoefu husikiliza injini, hahitaji mshale. Lakini ukibadilisha difu, hata sauti ya injini katika mwendo ule ule hubadilika. Sikio lililozoea difu ya zamani nalo linapotosha.

Marekebisho yenyewe si uchawi. Lori likiwa na mzigo wake wa kawaida, tairi la nyuma huwekwa alama ya chaki, gari husogezwa tairi lizunguke mara moja, na umbali hupimwa kwa futi kamba. Meno ya krauni hugawanywa kwa meno ya pinioni. Kwa lori lenye kebo, fundi hubadilisha kigia kidogo cha spidomita kwenye giaboksi. Katika mfano wetu, kigia kinachoendeshwa chenye meno 24 kikitolewa na kuwekwa cha meno 26, kosa karibu lote linakwisha. Kwa malori ya umeme, fundi huingiza hesabu mpya kwa kompyuta, au hufunga kifaa kidogo cha kurekebisha mapigo ya umeme. Baada ya hapo spidomita hulinganishwa na nguzo za kilomita za barabara kuu au na simu yenye GPS.

Kwa hiyo mwenye lori asikubali kulipa fundi wa difu mpaka spidomita nayo isahihishwe siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe ya mabadiliko, kilomita zilizosomeka siku hiyo, ukubwa wa matairi na meno ya difu viandikwe, na daftari hilo likabidhiwe kwa mnunuzi siku lori litakapouzwa. Wanunuzi wa malori yaliyotumika nao waanze kulidai daftari hilo kabla ya kutoa fedha.

Anayekataa lumbesa sokoni asiipakie kwenye dashibodi.